Kushika chuma kisiyumbe: vyombo ambavyo fundi anaweza kujitengenezea nyumbani

Mashine ya kusaga muhogo ikianza kupiga kelele, Mangobo ao Kabondo, mwenye mashine anasema beringi imekufa. Ananunua ingine, inafungwa, kisha wiki chache inakufa tena. Mara nyingi beringi haina kosa. Kosa liko kwa shafti: ilikerezwa ikiwa imeshikwa vibaya, na sasa inazunguka ikirukaruka. Pesa inaenda bure, na mama mwenye mashine anapoteza wateja siku nzima.

Chukua beringi namba 6206, ambayo inajulikana sana. Tarakimu mbili za mwisho, 06, ukizidisha kwa 5 unapata 30: ndio upana wa tundu lake kwa milimita (hesabu hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu). Ili ikae vizuri kwa shafti inayozunguka, shafti inatakiwa kuwa kati ya mm 30,002 na 30,015. Unywele wa mtu una unene wa karibu mm 0,07. Sasa mandre ya mikono mitatu, ile imechoka kwa miaka mingi kwenye turu ya zamani, inaweza kutupa kipande nje ya katikati kwa mm 0,1 ao 0,2. Fundi anaweza kuwa na mkono mzuri na kisu kikali, lakini akigeuza kipande ili akereze upande wa pili, ncha mbili hazina tena katikati moja.

Kisangani ni mji wa chuma tangu zamani. Reli ya kutoka ngambo ya kushoto hadi Ubundu, kilomita 125, ilimalizika 1906 ili mizigo ipite kando ya maporomoko ya Boyoma. Mji wa reli, bandari na kiwanda cha nguo kama Sotexki hauwezi kuishi bila wakereza. Lakini leo kifaa kipya cha kushika kinatoka Kinshasa kwa mto, zaidi ya kilomita 1.700, ao kinakuja kutoka Uganda kwa barabara ambayo kila mtu anajua hali yake. Ndio maana inafaa kujua vile ambavyo mtu anaweza kutengeneza mwenyewe, hata kwa tupa tu, siku ambayo umeme wa SNEL haupo.

Kila kitu kinaanza na uso ulionyooka. Bila huo huwezi kupima kitu kingine. Kwa kuanza, kipande cha kioo kizito, cha mm 10 ao zaidi, kinatosha. Unachanganya masizi ya koroboi na mafuta kidogo, unapaka safu nyembamba sana juu ya kioo, unaweka kipande chako na kukisogeza pole pole. Pale panapochafuka ndipo pako juu. Unakwangua hapo, unapangusa, unarudia. Ni kazi ya saa nyingi na haina njia ya mkato.

Ukitaka uso wa chuma bila kuwa na mfano wowote, tengeneza tatu kwa pamoja. Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza njia hii mbele ya wataalamu huko Glasgow mwaka 1840. Ukisugua A na B peke yao, zinaweza kulingana kabisa huku moja ikiwa na tumbo na ingine ikiwa na shimo kama sahani. Lakini ukilinganisha A na B, B na C, kisha C na A, na kila mara ukageuza vipande, haiwezekani zote tatu zilingane isipokuwa zote zimenyooka. Chuma cha kalibu kutoka diski nzito za breki za lori kinafaa kwa kazi hiyo, kwa sababu kinakwanguka vizuri.

Kisha vipande vya V, viwili pacha. Vifunge pamoja kwa bolti na uvipige tupa kama kitu kimoja, mfereji ukiwa wa digri 90. Ili kujua kama ni sawa, lala chuma cha mviringo juu yake, pitisha sindano ya komparateri ncha moja hadi ingine, halafu geuza kipande kimoja cha V nyuma mbele na upime tena. Sindano ikibadilika, mfereji hauko katikati. Vikimalizika, vipige namba moja vyote viwili na usivitenganishe. Hapo unaweza kupima shafti ya mteja kabla ya kukubali kazi: izungushe juu ya V, na sindano ikitembea mm 0,20, shafti imetoka katikati kwa 0,10, yaani nusu. Ni vizuri mteja aone sindano kwa macho yake, bei haitakuwa na ubishi.

Jiliwa, ile wengi wanaita eto, ina ugonjwa wake. Ukikaza, taya linalotembea linanyanyuka kidogo na kipande kinanyanyuka nalo. Jiliwa ndogo ya kujitengenezea inaponya hilo kwa bolti iliyolala mshazari, inayovuta taya mbele na chini kwa wakati mmoja. Kama huna nafasi ya kutengeneza, weka fimbo fupi ya mviringo kati ya taya linalotembea na kipande, kaza, kisha gonga kipande na nyundo ya mbao. Kitakaa.

Lakini kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ni pete ya kupasua. Unakereza pete ya chuma laini na, bila kuiondoa kwenye mandre, unatoboa tundu lake kwa kipimo cha shafti. Unaweka alama mbele ya mkono namba moja wa mandre, unaitoa, unaipasua upande mmoja kwa msumeno, unalima makali, unairudisha na alama palepale. Sasa mandre mbovu inashika shafti karibu na katikati yake ya kweli, na haiachi majeraha ya meno. Kazi ya nusu saa. Kwa shafti ndefu, kushika kati ya ncha mbili bado ndio bora, maana unaweza kuitoa na kuirudisha mara kumi bila kupoteza katikati. Tafadhali, ufunguo wa mandre usibaki ndani yake hata dakika moja: turu ikiwashwa, unaruka kama jiwe la manati.

Chuma chenyewe kinapatikana. Shafti za magurudumu ya lori na springi za majani ni chuma kizuri. Reli ingefaa pia, lakini reli inayouzwa usiku imeng'olewa mahali fulani, usiiguse. Taya tu ndizo zinahitaji ugumu: pasha kwa makaa hadi sumaku iache kushika, ongeza moto kidogo, zamisha ndani ya mafuta, kisha pasha tena pole pole hadi rangi ya majani makavu, karibu digri 200.

Na hapa kwetu kuna joto na unyevu. Chuma cha mm 100 kikipata joto la digri 10 zaidi kinarefuka kwa karibu mm 0,012, basi usipime shafti ikiwa bado moto kutoka kwenye kisu. Kutu nayo haingoji, usiku mmoja wa mvua unatosha. Paka mafuta safi ya injini na funga kwa kitambaa. Mawese yaachwe jikoni: yakichacha yanaanza kula chuma.