Kanda Yenye Mkia: Muziki wa Mfukoni Ulivyoingia Kwenye Redio ya Gari

Leo umbea tunauweka pembeni kidogo, twende kwenye historia. Najua wengine mtaguna, ila nisomeni mpaka mwisho, kuna jambo linatuhusu wote, hata wewe ambaye gari lako bado liko kwenye maombi.

Mjomba wangu alikuwa dereva teksi hapa Dar. Alikuwa na Corolla nyeupe, redio yake ya kanda, na kwenye mdomo wa redio muda wote kulikuwa na kanda inayoning'iniza waya mweusi. Sisi watoto tuliiita kanda yenye mkia. Mkia unachomekwa kwenye simu, na muziki wa kwenye simu unatokea kwenye spika za gari! Kwangu ilikuwa uchawi kabisa. Mteja akilalamikia nyimbo za mzee, Mjomba anampa waya nyuma: "Haya dada, chomeka yako." Yule dada ndiyo anakuwa DJ mpaka anafika Mwenge.

Nimekuja kugundua ukubwani kwamba ule waya una historia ndefu.

Tuanzie Marekani, mwaka 1956. Kampuni ya Chrysler iliweka kwenye magari yake mtambo wa kupiga santuri ukiwa barabarani, uliitwa Highway Hi-Fi. Ndiyo, santuri yenyewe, na sindano yake! Tatizo halikuwa mashimo tu. Ule mtambo ulipiga santuri maalumu zinazozunguka taratibu kuliko za nyumbani, na santuri hizo zilitoka kampuni moja tu, Columbia. Yaani uwe na santuri mia nyumbani, kwenye gari hazipigi hata moja. Watu waliona huu ni usumbufu, na baada ya miaka michache mradi ukafa. Hilo nalo mliweke akilini, tutalirudia.

Mwaka 1963 Philips wakaleta kanda ndogo, hii tunayoijua. Hiyo ndiyo ilikuja kuyateka magari, maana kanda ile ile uliyorekodi nyumbani unaiingiza kwenye gari, inapiga. Halafu Julai 1979 Sony wakatoa Walkman huko Japani, mtu anatembea na kanda zake kiunoni na spika za masikioni. Ukipanda gari unaitoa kanda kwenye Walkman, unaisukuma kwenye redio. Hakuna waya, hakuna fundi.

Shida ilikuja na CD. Mwaka 1984 Sony wakatoa mashine ndogo ya CD ya kubeba mkononi, ile iliyokuja kuitwa Discman. Sauti safi, raha tupu. Ila gari la mtu lilikuwa na mdomo wa kanda, na CD haipiti pale hata ukiikunja. Hapa ndipo ninapoona kiini cha stori yetu. Mashine ya muziki mtu anabadilisha kila baada ya miaka michache, ila gari linakaa miaka 15, hata 20. Muziki unatangulia, gari linabaki nyuma. Sasa nani awaunganishe?

Mmarekani mmoja mtaalamu wa redio, Larry Schotz, aliomba hataza ya kitu hicho mwaka 1986, akapewa 1988. Ndiyo hiyo kanda yenye mkia. Ndani haina utepe. Ina meno yanayozunguka ili redio idhani kanda ya kweli inatembea, na ina kijisumaku kimekaa pale pale ambapo redio inasomea utepe. Umeme wa muziki unakuja na waya, unabadilisha nguvu ya kile kijisumaku, na redio inasoma mabadiliko yale ikidhani ni utepe. Kwa kifupi redio inadanganywa mchana kweupe, na inaimba! Ndiyo maana ukizima muziki unasikia "kra kra kra" kwa mbali, ni yale meno. Na cha kupendeza zaidi, ile kanda haikujali umechomeka nini. Discman, MP3, simu ya Kichina yenye laini mbili, vyote sawa, mradi kuna tundu la spika za masikioni.

Oktoba 2001 Apple wakatoa iPod na kusema unabeba nyimbo 1,000 mfukoni. Simu nazo zikaanza kupiga MP3. Ila magari mengi wakati huo yalishaanza kuja na CD bila mdomo wa kanda. Sasa kanda yenye mkia utaiingizia wapi? Wajanja wakapita mlango mwingine, redio ya FM. Ndiyo moduleta. Unaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, inarusha muziki wako kama kituo kidogo cha redio, na redio yako inakikamata. Uingereza ilikuwa kosa kisheria kuitumia hadi Desemba 2006, kwa sababu ukishakuwa na kitu kinachorusha mawimbi unahesabika mtangazaji bila kibali. Ebu fikiria unakamatwa kwa sababu ya nyimbo zako mwenyewe!

Hapa kwetu moduleta ilikuwa na mtihani wake. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, kwa sababu wao kama sisi wanaendesha kushoto na usukani uko kulia. Lakini kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya 76 na 90, wakati yetu inaenda mpaka 108. Ndiyo maana ukinunua gari redio inakamata stesheni mbili tatu tu, na maandishi yote ni ya Kijapani. Moduleta nayo inarusha kuanzia 87.5 kwenda juu. Kwa hiyo una kanafasi kadogo sana ka kukutania, kati ya 87.5 na 90, na humo humo kuna stesheni za watu. Fundi mmoja wa Kariakoo alinionyesha alivyokuwa anawatafutia wateja mahali pa kujibana: anasogeza namba moja moja, anatega sikio, mpaka mkwaruzo unaisha. Ukifika mtaa mwingine stesheni inaimeza, unaanza upya. Tuliteseka jamani, ila muziki ulipiga.

Watengeneza magari waliamka kwa kuchelewa. Juni 2004 BMW na Apple walitangaza kifaa cha kuunganisha iPod na redio ya gari, waya umefichwa kwenye droo ya dashibodi na nyimbo unabadilisha kwa vitufe vya usukani. Baadaye tundu la AUX likaanza kuwa kawaida hata kwenye magari ya watu wa kati. Bluetooth nayo, tangu 2003 ilishawekewa utaratibu wa kupitisha muziki wa stereo, ikazidi kusambaa. Gari jipya la mwisho kuuzwa Marekani likiwa na mdomo wa kanda kutoka kiwandani linatajwa kuwa Lexus SC 430 ya mwaka 2010. Na 2016 iPhone 7 ikatoka bila tundu la spika za masikioni. Waya ukaanza kuonekana ushamba.

Sasa kwa nini nimewachosha na haya yote?

Machi 2023 General Motors walisema magari yao ya umeme yajayo yataachana na CarPlay na Android Auto, yale mambo ya simu yako kuonekana kwenye skrini ya gari. Muziki na ramani vitapitia mfumo wa gari lenyewe. Bluetooth ipo, sawa. Ila mnaona tunakoelekea? Tunarudi kwenye ile santuri ya 1956, ambapo mwenye gari ndiye anakuchagulia mlango. Zamani redio ikikuchosha fundi anaing'oa, anaweka nyingine nusu saa. Magari ya sasa redio, kamera na vitufe vya AC vyote vimo kwenye skrini moja. Utang'oa nini?

Na magari hayo ndiyo mtumba wetu wa kesho. Sisi huwa tunayapata yakiwa yameshazeeka, wakati aliyetengeneza mfumo ameshausahau. Corolla ya Mjomba ilikuwa kuukuu, lakini kila mashine mpya iliyotoka ilipata njia ya kuingia, kwa waya wa bei ya chipsi mayai. Ule waya haukuomba akaunti, nywila wala bando.

Mjomba aliuza lile gari miaka kadhaa iliyopita. Mnunuzi alitaka kung'oa redio aweke ya skrini, Mjomba akamwomba kitu kimoja tu, ile kanda. Ipo nyumbani kwake kwenye droo, mkia umefungwa na mpira. Nilimuuliza anaiweka ya nini wakati hana pa kuichomeka. Akanijibu, "Wateja wangu wote walipita humu."

Haya, zamu yenu. Wewe ulianzia wapi: kanda yenye mkia, moduleta, AUX au ulizaliwa ukakuta Bluetooth? Tiririka hapo chini, na kama mzee wako bado anazo kanda, mwambie asizitupe.