Ekegusii Iliyotoka Kisumu

Kabla ya vituo vya Egesa FM na Minto FM, Ekegusii ya redio ilifika Ogembo, huko Gusii, kutoka Kisumu, mji usio wa Wagusii. Hata huko ilichelewa. African Broadcasting Services ilipoanzishwa mwaka 1953, lugha zake zilikuwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu; Ekegusii haikuwamo. Ilipopata nafasi katika kituo cha Kisumu, ilipewa saa chache tu, ikipokezana masafa na lugha nyingine za magharibi. Wengi huuita mpango huo ubahili wa serikali, na hawakosei. Lakini ubahili huohuo ulileta jambo ambalo wingi wa vituo vya leo haujaleta: majirani walisikilizana. Aliyesubiri zamu ya Ekegusii na hakutaka kuhangaika na kitufe alipitia kwanza Kijaluo, Kiluhya au Kikuria.

Mitambo nayo ilichangia. Mawimbi ya AM hutambaa juu ya ardhi, kwa hiyo kituo kimoja kiliweza kuhudumia eneo kubwa lenye vilima na mabonde. FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kilima kikiikinga, bonde lililo nyuma yake hupata mikwaruzo tu. Kwa hiyo mtambo mmoja wa AM ulikuwa nafuu, na lugha zikalazimika kuugawana. Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Radi huiharibu AM, na Gusii ni nchi ya mvua za ngurumo za alasiri. Usiku, mawimbi yanaporudishwa na tabaka za juu za anga, vituo vya mbali huingiliana. Ndiyo maana redio iligeuzwageuzwa mezani: antena yake ya AM imo ndani, nayo hupokea vizuri ikielekezwa upande unaofaa.

Yupo atakayesema kwamba redio hiyo ya Kisumu ilikuwa sauti ya serikali. Kweli: tangu Julai 1964, shirika la utangazaji la KBC lilipofanywa Sauti ya Kenya, habari zilifuata matakwa ya wakubwa, na hata kurejeshwa kwa jina la KBC mwaka 1989 hakukuondoa ukiritimba. FM za binafsi ziliuvunja, zikaipa Ekegusii siku nzima, na hilo ni deni kubwa kwao. Ila Rongo, kunakozungumzwa Kijaluo, si mbali na Ogembo, na sasa lugha hiyo haiingii sebuleni mpaka mtu aitafutie kituo chake.