Nani Aliyeandika? Wanafizikia na Wanahisabati katika Uwanja wa Fasihi

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, yamkini utashangaa kuambiwa kwamba mmoja wa waasisi wa uchunguzi wa mtindo kwa hesabu hakuwa mhakiki wa fasihi bali mwanafizikia. Thomas Corwin Mendenhall, Mmarekani, alijua kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mwanga wenye mistari yake maalumu, hata ikatambulikana kwa mistari hiyo pekee. Mwaka wa 1887, katika jarida la Science, aliuliza iwapo mwandishi naye hana alama ya namna hiyo. Wazo la kupima urefu wa maneno lilikuwa limetajwa mnamo 1851 na mwanahisabati Augustus De Morgan, aliyetaka kujua kama Waraka kwa Waebrania ulitungwa kweli na Paulo. Mendenhall ndiye aliyeketi akahesabu: maneno ya herufi moja mangapi, ya herufi mbili mangapi, hadi mwisho. Kisha akachora grafu ya Dickens, ya Thackeray na ya wengineo.

Mwaka wa 1901 alitoa matokeo ya kazi kubwa zaidi. Palikuwa na mzozo wa muda mrefu, wengine wakidai kwamba tamthilia za Shakespeare ni za Francis Bacon. Tajiri mmoja wa Boston aligharimia kazi hiyo, na wanawake wawili wakahesabu takriban maneno milioni mbili kwa miezi kadhaa. Ikabainika kwamba Shakespeare hutumia zaidi maneno ya herufi nne, Bacon ya herufi tatu. Grafu ya Christopher Marlowe nayo ikalandana mno na ya Shakespeare.

Hapa ndipo mwanafunzi wetu wa fasihi angeinua mkono. Tamthilia za Shakespeare kwa sehemu kubwa ni ushairi. Maandishi ya Bacon yaliyohesabiwa ni nathari. Mnamo 1975 C. B. Williams alimchunguza Philip Sidney, aliyeandika nathari na ushairi pia, akakuta kazi zake mwenyewe zinatofautiana kwa namna iyo hiyo. Mendenhall alikuwa amepima utanzu akidhani amepima mtu!

Waliomfuata walijifunza. Frederick Mosteller na David Wallace, wanatakwimu, walishughulikia makala 85 yaliyochapishwa Marekani mnamo 1787 na 1788 kutetea katiba mpya, yote kwa jina la kupanga, Publius. Makala 12 kati yake yaligombaniwa baina ya Alexander Hamilton na James Madison. Urefu wa sentensi haukusaidia kitu, kwani wastani wa kila mmoja ulikaribia maneno 35. Kilichosaidia ni maneno madogo yasiyotegemea mada. Hamilton alitumia 'upon' takriban mara tatu katika kila maneno elfu moja, Madison hata mara moja hakufikisha. Hamilton aliandika 'while', Madison 'whilst'. Kitabu chao cha 1964, kilichotegemea tarakilishi, kiliyapa Madison makala yote 12. Zingatia, msomaji, kwamba maandishi yote hayo ni ya utanzu mmoja, wakati mmoja na lengo moja.

Mnamo 2002 wanahisabati Benedetto na Caglioti pamoja na mwanafizikia Loreto, wote wa Roma, walikuja na mbinu nyingine. Walitumia programu ya kawaida ya kubana mafaili, ambayo hufupisha kwa kutafuta mifuatano ya herufi inayojirudia. Ukiambatisha andiko lisilo na mwenyewe kwenye andiko la mwandishi anayefahamika, likibanika vyema, huenda ni lake. Kati ya maandishi 90 ya waandishi 11 wa Kiitalia, 84 yalirudishwa kwa wenyewe.

Je, twaweza kuyaleta haya kwenye Kiswahili? Kuhesabu herufi kama Mendenhall hakutufai sana, kwa kuwa 'nilipomwona' ni neno moja kwetu. Maneno madogo yanavutia zaidi: 'hadi' au 'mpaka', 'kwamba' au 'kuwa', 'ila' au 'lakini'. Katika riwaya na insha uchaguzi huo ni wa mwandishi. Katika shairi, hata hivyo, 'hadi' ni mizani mbili na 'mpaka' ni tatu. Anayepungukiwa na mizani moja atachukua 'mpaka' apende asipende. Ukihesabu hapo unahesabu arudhi.

Mfikirie Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840 hivi. Tungo zake zilikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, zikachapishwa na William Hichens mnamo 1940. Zilipita katika vinywa na kalamu za wengi, na shairi zuri lisilo na mwenyewe hujivutia jina kubwa. Kulimpa Muyaka lisilo lake ni kumfuta mshairi mwingine, pengine wa mtaa uo huo. Programu ya Roma ingeweza kutenga Kimvita na Kiamu kwa sababu maneno yake hayaandikwi sawa, au kuupima mkono wa mnakili, tukadhani imemtambua mshairi. Atakayejaribu aanze na mashairi ya bahari moja, lahaja moja na mnakili mmoja, atenge vina, kisha ahesabu yale tu ambayo mizani haikuyalazimisha: kati ya 'ila' na 'bali', mathalan, zote mizani mbili, mshairi alipenda ipi?