Ngozi ya Baharia: Jinsi Watu wa Majini Walivyowafunza Madaktari Hatari ya Jua

Kabla maabara hazijathibitisha kwamba miale ya jua huweza kuleta saratani, nyuso na mikono ya mabaharia na wavuvi ilikuwa imekwishatoa ushahidi. Hata hivyo, zaidi ya karne moja ilipita kabla kinga haijaanza kuwafikia wale walioihitaji kuliko wote, miongoni mwao watu wenye ualbino wanaoishi katika visiwa vya Ziwa Victoria.

Katika miaka ya 1890 Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa barani Ulaya. Huko ndiko yalikokuwa makao ya kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, ambayo meli zake zilifika Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam. Katika mji huohuo daktari Paul Gerson Unna, mzaliwa wa Hamburg, alikuwa na kliniki yake ya maradhi ya ngozi, na miongoni mwa ngozi alizozichunguza zilikuwa za mabaharia waliozeekea kazini.

Unna alikuwa mtu wa hadubini. Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa kuhusu tishu za ngozi yenye maradhi, na humo akaeleza hali aliyoiita Seemannshaut, yaani ngozi ya baharia. Hali hiyo ilionekana pale tu ambapo nguo haikufika: usoni, shingoni na mgongoni mwa viganja. Ngozi ilikauka na kuwa ngumu, ikapata mabaka, mengine meusi, mengine meupe. Baadaye magamba magumu yakaota juu yake, na kwa baadhi ya mabaharia magamba hayo yakageuka kuwa saratani.

Unna aliona athari ya kuishi miaka mingi katika hali ya hewa ya baharini. Lakini baharini mna mambo mengi: jua, upepo, chumvi, baridi. Ni kipi hasa kilichokuwa kikiila ngozi hiyo? Miaka miwili baadaye, mwaka 1896, daktari Mfaransa William Dubreuilh alianza kuandika juu ya maradhi ya aina hiyohiyo aliyoyaona katika eneo la Bordeaux, kwa watu waliofanya kazi katika mashamba ya mizabibu. Watu hao hawakujua chumvi ya bahari wala dhoruba. Walichoshirikiana na mabaharia wa Hamburg ni kushinda nje juani, mwaka baada ya mwaka.

Kitambaa cheusi cha Everard Home

Fununu ya jambo hilo ilikuwapo tangu zamani. Katika makala iliyochapishwa London mwaka 1821, daktari wa upasuaji Everard Home aliuliza swali lililowatatiza wengi: ikiwa rangi nyeusi hunyonya joto, mtu mweusi anapata faida gani kwa ngozi yake katika nchi za jua kali? Home aliuweka mkono wake mmoja juani ukiwa wazi, na wa pili akaufunika kwa kitambaa cheusi. Kipimajoto kilionyesha kwamba chini ya kitambaa palikuwa na joto zaidi. Lakini mkono uliokuwa wazi ndio ulioungua. Maana yake ni kwamba kuungua na jua si sawa na kuungua na joto.

Kinachounguza kilikuwa kimekwishagunduliwa, ila hakuna aliyekihusisha na ngozi. Mwaka 1801, katika mji wa Jena, Johann Wilhelm Ritter aliona kwamba kemikali ya fedha huwa nyeusi haraka zaidi ikiwekwa nje kidogo ya rangi ya urujuani katika upinde wa nuru, mahali ambapo jicho halioni kitu. Hiyo ndiyo miale inayoitwa urujuanimno. Ilipofika mwaka 1889 Erik Johan Widmark wa Sweden alionyesha kwamba miale hiyo ndiyo inayoifanya ngozi iwe nyekundu na kuvimba.

Mara baada ya hapo dawa ya kwanza ikapatikana, nayo ilitokana na kitu ambacho kila nyumba ya pwani ya Afrika Mashariki ingekuja kukifahamu kwa uchungu wake. Mwaka 1891 Friedrich Hammer wa Ujerumani alipendekeza marhamu iliyotiwa kwinini, kwa kuwa kwinini humeza miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye ngozi.

Watu wa pwani na visiwa hawakuwa wamekaa wakisubiri maabara za Ulaya. Wanawake wa Komoro na Mayotte husaga msandali juu ya jiwe la matumbawe, wakapata uji mzito uitwao msindzano, wakajipaka usoni. Magharibi mwa Madagascar wanawake wa Vezo, jamii ambayo maisha yake yote ni uvuvi, nao hujipaka uji wa mti ili jua la ufukweni lisiwaunguze. Kule Burma umo unaoitwa thanaka. Waswahili wanayo liwa, ingawa kwao imekuwa zaidi mapambo na manukato. Wanaume wanaokwenda na ngalawa walitegemea nguo: kilemba, kofia pana ya ukili, shuka la kujitanda mabegani. Kwa jaribio la Home, nguo hiyo ndiyo kinga iliyo bora. Kinyume chake, kofia maarufu ya baharia wa manowari za Ulaya, ile ya duara isiyo na ukingo, haikumkinga mwenyewe masikio, shingo wala pua.

Jua lageuka dawa

Ungetarajia kwamba baada ya Unna na Dubreuilh dunia ingelikimbia jua. Ikawa kinyume. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nuru. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba urujuanimno huponya matege ya watoto. Jua likawa dawa, na katika miaka ya 1920 ngozi iliyobabuliwa na jua, ambayo Ulaya ilikuwa alama ya mvuvi na mkulima, ikawa alama ya mtu mwenye fedha za kwenda mapumzikoni. Onyo lililoandikwa juu ya nyuso za mabaharia likasahauliwa na walio wengi. Halikusahauliwa na George Findlay wa London, ambaye mwaka 1928 alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba panya waliomulikwa urujuanimno walipata saratani ya ngozi.

Hata yale mafuta ya kwanza ya kujikinga na jua yaliyouzwa madukani, kama Ambre Solaire ya Ufaransa mwaka 1936, yalilengwa kwa waendao kustarehe ufukweni. Ni vita vilivyorudisha suala hili baharini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani ambao ndege zao ziliangushwa au meli zao kuzama walielea siku nyingi katika maboya ya mpira bila kivuli. Jeshi likachagua mafuta mazito mekundu ya jamii ya vaselini. Yalinata na kuchafua nguo, lakini hayakutoka kwa urahisi katika maji ya chumvi.

Namba inayoandikwa kwenye chupa za mafuta hayo hivi leo ilienezwa mwaka 1974 na Mwaustria Franz Greiter, aliyeendeleza kazi ya Rudolf Schulze ya mwaka 1956. Namba 30 ina maana kwamba ngozi iliyopakwa huhitaji kipimo cha miale mara 30 zaidi ndipo iwe nyekundu. Hesabu hiyo hufanywa maabara, kwa mafuta yaliyopakwa mazito kuliko wengi wanavyojipaka.

Na je, mafuta hayo huzuia saratani yenyewe, au wekundu tu? Jibu lilitoka Australia, katika mji wa Nambour, ambako watu 1,621 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1992 hadi 1996. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba waliopewa mafuta ya kujipaka kila siku walipata uvimbe wa aina moja ya saratani ya ngozi kwa kiasi cha asilimia 40 pungufu kuliko wenzao. Aina hiyo ni ileile inayoanza kwa magamba makavu, kama yale ya mabaharia.

Macho ya wavuvi wa Chesapeake

Mnamo mwaka 1988 wavuvi walirudi tena katika vitabu vya tiba. Timu iliyoongozwa na Hugh Taylor iliwapima wanaume 838 wanaovua kaa na chaza katika Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland nchini Marekani. Kila mmoja aliulizwa alivua miaka mingapi, wapi, miezi gani, na kama alivaa kofia au miwani. Kutokana na majibu hayo ikakadiriwa miale iliyoingia machoni mwake maisha yake yote. Ilibainika kwamba aliyepata miale maradufu alikuwa na hatari kubwa zaidi, mara 1.6, ya kupata aina mojawapo ya mtoto wa jicho.

Uchunguzi huo unawahusu watu weusi pia, na hapo ndipo wengi hukosea. Melanini iliyo katika ngozi nyeusi huzuia sehemu kubwa ya miale isipenye, na ndiyo maana saratani ya ngozi iletwayo na jua ni adimu kwa mvuvi wa Lamu, Kigoma au Sur. Lakini lenzi ya jicho lake haina pazia hilo. Tena maji yenyewe huongeza kazi ya jua: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, povu la bahari hurudisha juu karibu asilimia 25 ya miale ya urujuanimno, na mchanga mkavu asilimia 15. Mawingu mepesi hayasaidii, kwani zaidi ya asilimia 90 ya miale hupita.

Mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka miale ya jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kutoka kitabu cha Unna hadi tamko hilo ilikuwa imepita miaka 98.

Usiku wa ziwani

Ukerewe, kisiwa kikubwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kiko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali panapoinuka ndivyo miale inavyozidi ukali, kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kisiwa hicho kinajulikana kwa kuwa na wakazi wengi wenye ualbino. Katika Tanzania nzima inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na hali hiyo, yaani bila melanini ya kutosha katika ngozi, nywele na macho.

Kile ambacho kwa baharia wa Hamburg kilichukua miaka mingi, kwao huanza utotoni. Madaktari wa Dar es Salaam waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1985, baada ya kupitia kumbukumbu za watu 350 wenye ualbino, walikuta ngozi iliyoharibiwa na jua tangu umri mdogo kabisa, na saratani zilizokomaa zikiwapata mapema kuliko watu wengine. Kwa mtu wa namna hiyo kazi za mchana za ziwani, kutega nyavu za sangara au kuanika dagaa mchangani, ni hatari isiyo na mfano.

Kungekuwa na njia moja ya asili ya kulikwepa jua. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi. Lakini kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa walianza kuwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, na miongoni mwa uongo uliosambazwa na waganga ni kwamba nywele zao zikifumwa katika nyavu huvuta samaki. Giza lililowasitiri dhidi ya jua likawa ndilo la kuogopwa. Familia nyingi zilijifungia ndani tangu magharibi, na watoto wakapelekwa katika shule za bweni zenye ulinzi.

Msaada upande wa ngozi ulitoka Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Huko, katika miaka ya 2010, yalianza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa msaada wa kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani. Kabla ya hapo walitegemea sana chupa za msaada kutoka ng'ambo, ambazo zilifika kwa nadra na mara nyingine muda wake ukikaribia kwisha. Bei ya dukani hakuna mvuvi mdogo aliyeweza kuimudu.

Mafuta hayo yana upungufu ambao yale ya askari wa maboya hayakuwa nao: maji huyaondoa. Anayevuta wavu, akitumbukiza mikono ziwani kila dakika, hulazimika kujipaka upya takriban kila saa mbili. Kwa sababu hiyo mgonjwa hahimizwi kutegemea mafuta peke yake. Huagizwa pia kofia yenye ukingo mpana kote, shati la mikono mirefu na miwani ya jua.