2001: safari ya anga au safari ya stimu?

Juzi rafiki yangu mmoja, msomi mzuri tu, aling'ang'ania kwamba ile filamu ya 2001: A Space Odyssey inahusu dawa za kulevya, na kwamba Stanley Kubrick lazima alikuwa "anatumia". Ushahidi wake ni sehemu ya mwisho: mwanaanga Bowman anavutwa ndani ya mianga ya kila rangi, anajikuta kwenye chumba cheupe, anajiona akizeeka, kisha anageuka kitoto kinachoelea karibu na dunia. Hivi mtu mwenye akili timamu anatunga vile?

Nilicheka, lakini wazo lake lina historia. Filamu ilizinduliwa Washington tarehe 2 Aprili 1968. Karibu dakika 25 za mwanzo hakuna mtu anayesema neno! Wakosoaji wengi waliiponda, baadhi ya watazamaji wakatoka, na Kubrick akakata dakika 19 baada ya siku chache tu. Walioiokoa ni vijana. Walirudi mara ya pili, mara ya tatu, wakakaa viti vya mbele kabisa, wengine wakiwa wameshameza LSD, wakisubiri ile mianga. MGM ikaona pesa iko wapi. Mabango ya baadaye yakainadi filamu kama safari kuliko safari zote, na kila kijana wa Marekani alijua kuwa neno hilohilo la safari ndilo walilotumia kwa kulewa LSD. Dawa yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku California mwaka 1966, na nchi nzima ikafuata Oktoba 1968. Kampuni kubwa ikavuna kwa kukonyeza tu.

Kwa hiyo tafsiri ya rafiki yangu ilizaliwa kwenye viti vya watazamaji. Kubrick na Arthur C. Clarke walianza kazi mwaka 1964, wakianzia kwenye hadithi fupi ya Clarke kuhusu kifaa kilichoachwa mwezini na viumbe wengine. Jarida la Playboy lilipomuuliza Kubrick kuhusu LSD, Septemba 1968, alisema hatumii. Hoja yake: aliyelewa huona kila kitu kinapendeza, na msanii wa namna hiyo hawezi tena kuikosoa kazi yake. Maana ya filamu aligoma kuieleza, kila mtu abaki na yake.

Na ile mianga? Sehemu kubwa ni kazi ya Douglas Trumbull, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alitengeneza mtambo ambao kamera inatambaa kwenye reli kuelekea upenyo mwembamba, nyuma yake michoro yenye taa inasogea, lenzi ikiwa wazi muda wote. Picha moja, kisha nyingine, kisha nyingine... Mandhari ya ajabu yanayofuata ni Scotland na Monument Valley, zimebadilishwa rangi tu.

Hapo ndipo ninapokereka. Chuo nilikuwa na jamaa aliyeandika mashairi safi sana, akaja kuamini kwamba bila msokoto hakuna ubeti. Mwaka wa tatu hakuandika hata mmoja. Tulimsifia bangi yake, kazi yake hatukuwahi kumsifia.

Rafiki yangu bado anabisha. Jumamosi tunaiangalia tena kwangu, soda juu yake.