Python ilivyojifunza kubadilika

Mwaka 2008, ukiiambia Python igawanye 5 kwa 2, kwa kawaida ilikujibu 2. Nusu iliyobaki ilitupwa bila onyo. Tarehe 3 Desemba mwaka huo likatoka toleo la 3.0, na jibu likawa 2.5.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuiunda lugha hiyo ya kompyuta jijini Amsterdam katika likizo ya Krismasi ya 1989, aliamua kusahihisha makosa ya miaka yote kwa mkupuo mmoja. Kubwa kuliko yote lilihusu maandishi. Toleo la 2 lilichanganya herufi na baiti, hivyo programu iliyofanya kazi vizuri kwa Kiingereza iliweza kukwama ikikutana na jina la Kiarabu au Kichina. Toleo la 3 likavitenganisha. Kwangu mimi, hilo peke yake lilistahili usumbufu wote.

Na usumbufu haukuwa mdogo. Programu nyingi za zamani ziligoma. Hata amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini, ile anayofundishwa mwanafunzi siku ya kwanza, sasa ilidai mabano. Makampuni yakasubiri maktaba za wengine, yaani msimbo uliokwisha andikwa ambao programu zao ziliutegemea, zihame kwanza. Waandishi wa maktaba hizo nao wakasubiri watumiaji wahame. Toleo la 2, lililopangiwa kustaafu 2015, likaongezewa miaka mitano, hadi Januari 1, 2020.

Machungu hayo yaliwafunza wasimamizi wa Python. Badiliko kubwa bado huanza na pendekezo la maandishi linalojadiliwa hadharani, lakini leo kitu kinachoondolewa kwa kawaida hutanguliwa na onyo katika matoleo yasiyopungua mawili.

Mijadala hiyo inachosha watu. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja tu, nukta mbili ikifuatwa na alama ya sawasawa, Van Rossum aliachia usemi wa mwisho aliokuwa nao juu ya Python, bila kuteua mrithi. Wachangiaji wakuu wakapiga kura, na tangu 2019 linaloamua ni baraza la watu 5.

Baraza hilo ndilo lililokubali, mwaka 2023, lianze kuondolewa kufuli la miaka mingi linalozuia nyuzi za programu moja, yaani mikondo yake ya kazi, kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Safari hii hakukuwa na mkupuo. Toleo la 3.13, Oktoba 2024, lilileta uwezo huo kama jaribio la hiari, na asiyeutaka hakulazimika kugusa hata mstari mmoja.