Ujiji iko nyuzi ngapi? Bombay, Cameron na simu yangu pale Katonga

Wadau, nimekuwa kimya sana, najua. Leo sina siasa wala ngumi. Nina stori ya darubini, na humo ndani kuna kipande cha historia ambacho shuleni walitupitisha mbio mbio.

Mtakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapumzike wazaliane. Nilikwenda Kigoma mwanzoni mwa Agosti kuandika habari ya jinsi wavuvi wanavyoishi bila kuvua. Kazi yangu ya mchana niliimaliza. Usiku nikashuka Katonga, maana nilikuwa nimebeba darubini niliyoazimwa na rafiki yangu mwalimu, na mwezi ulikuwa umeandama tu.

Anayeijua Katonga anajua kwamba usiku wa giza ndiyo wakati wa kazi. Taa za wavuvi wa dagaa hujipanga ziwani utadhani kuna mji mwingine umeota majini. Usiku ule hakukuwa na taa hata moja. Giza tupu, na nyota mpaka chini kabisa zinagusa maji. Wavuvi walikuwepo mwaloni, wamekaa kwenye mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Mtu aliyezoea kukesha miaka thelathini halali kwa sababu tangazo limetoka. Wakaja kunizunguka. Nikawaahidi kuwaonyesha sayari ya Zohali na pete zake.

Hapo ndipo nilipojiingiza matatani.

Darubini ile ina stendi ya aina ya ikweta. Kwa lugha rahisi, dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana kuhama, digrii 15 kila saa. Ukiikuza Zohali vya kutosha kuona pete, inapita kwenye kioo na kupotea ndani ya dakika mbili hivi. Watu kumi na tano wamepanga foleni, wa tatu anakuta giza. Stendi ya ikweta inaondoa tatizo hilo kwa kuwa na mhimili mmoja unaolala sambamba na mhimili wa dunia. Ukishaulenga sawasawa, injini ndogo inazungusha darubini taratibu na sayari inabaki palepale. Kaskazini mwa dunia wenzetu wana nyota angavu karibu kabisa na ncha ya anga, wanalenga hiyo, basi. Sisi Kigoma nyota ile haichomozi kamwe. Tunayo ncha ya kusini, ambayo haina nyota ya maana jirani yake, na isitoshe iko chini mno. Ni kama digrii 5 tu juu ya upeo. Nyoosha mkono, weka vidole vitatu juu ya mstari wa maji: ndiyo hapo.

Kwa nini digrii 5? Kwa sababu Kigoma na Ujiji ziko latitudo karibu digrii 5 kusini. Urefu wa ncha ya anga kutoka kwenye upeo ndiyo latitudo ya mahali uliposimama. Ni kitu kilekile. Mimi nilikuwa na namba nikaitafuta ncha. Miaka zaidi ya 150 iliyopita, kilomita chache tu kutoka pale, watu walitazama nyota wakaitafuta namba.

Watu gani? Shuleni tuliambiwa ni Burton, Speke, Livingstone na Stanley, tukaandika kwenye daftari, tukafaulu. Mimi naomba nimtaje kwanza Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alikamatwa utumwani akiwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru baada ya bwana wake kufa, akarudi Afrika Mashariki. Bombay alikuwepo Februari 1858 Burton na Speke walipolifikia ziwa. Alikuwepo Novemba 1871 Stanley alipoingia Ujiji. Alikuwepo tena Februari 1874 na Luteni Verney Lovett Cameron. Misafara mitatu, mabwana watatu, mizigo mitatu ya vyombo vya kupimia. Katika miaka kumi na sita ile, kama kuna mtu aliyeona jinsi Wazungu walivyohangaika kujua Ujiji iko wapi, ni yeye, ambaye alijua siku zote kwamba iko palepale mwisho wa njia ya misafara.

Mwaka ule wa 1858 ulikuwa kichekesho cha kusikitisha. Burton alikuwa hawezi kutembea, anabebwa. Speke, ambaye ndiye aliyekuwa mpimaji, alikuwa anaugua macho kiasi kwamba ziwa lenyewe aliliona kama ukungu tu. Burton alipouliza ule mstari unaong'aa kule chini ni nini, Bombay ndiye aliyemjibu kwamba ni maji.

Na saa zao zilikuwa zimekufa. Hili inabidi nilieleze kidogo, maana ndiyo kiini chenyewe. Latitudo unaipata kwa kupima urefu wa nyota. Wao walitumia sekstanti na sahani ya zebaki ya kuakisi mbingu, kwa sababu bara hakuna upeo wa bahari. Lakini longitudo ni suala la saa. Dunia inageuka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo ukijua saa ya hapa ulipo na saa ya Greenwich kwa wakati huohuo, tofauti yake ndiyo longitudo. Sisi watu wa magharibi tunaliishi jambo hili bila kulisemea. Saa ya Tanzania imepangwa kwa digrii 45, Kigoma iko kwenye 29 na nusu ushei, ndiyo maana jua la Kigoma linafika utosini karibu saa saba mchana wakati saa ya ukutani inadai adhuhuri imepita zamani. Saa nzima nyuma! Sasa fikiria umetembea miezi saba kutoka pwani, saa zako zimeloa, zimeanguka, zimesimama. Greenwich huijui tena. Speke anasimulia kwamba alifika mahali akaning'iniza risasi ya bunduki kwenye uzi ili iwe timazi ya kuhesabia sekunde, apate kupima mwezi na nyota.

Urefu wa ziwa kutoka usawa wa bahari walipima kwa kuchemsha maji, kwa sababu ukipanda juu maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Kipimajoto chao kilikuwa kimechoka. Kikawapa futi 1,850 hivi, yaani kama mita 560. Leo tunajua ziwa liko kama mita 770. Kosa la mita zaidi ya 200! Na kosa hilo liliingia kwenye ugomvi mkubwa wa Burton na Speke kuhusu chanzo cha Mto Nile, ugomvi uliowasumbua mpaka Speke alipofariki mwaka 1864. Kipimajoto kibovu kimoja, wadau.

Livingstone naye, pale Ujiji, hakuwa hata na tarehe sahihi. Kitabu cha Stanley kinasema walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilohilo mwezi Oktoba. Homa zilikuwa zimemla mzee siku zake. Na Stanley pia alikuwa ameugua njiani mpaka hesabu yake ya siku ikavurugika, kwa hiyo hata tarehe tunayoikariri shuleni wanahistoria wanaitilia shaka. Na mnajua jedwali za nyota na jua hupangwa kwa tarehe. Ukikosea siku, mbingu yenyewe inakudanganya.

Sasa sehemu inayoniuma. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwenda pwani, pamoja na madaftari na vyombo vyake vya kupimia. Oktoba mwaka huo wakafika Unyanyembe, jirani na Tabora, wakamkuta Cameron ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Akafungua masanduku, akachukua sehemu kubwa ya vyombo kwa ajili ya safari yake. Wao wakaendelea na mwili hadi pwani. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo, waliletwa Uingereza baadaye. Vyombo vikaja Ujiji na Cameron, na Bombay akiwa mkuu wa msafara.

Niseme haki, Cameron alivitumia vizuri. Alikuwa afisa wa jeshi la majini, alijua kazi. Akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mtumbwi, akapima. Yeye alipata futi 2,710 za urefu wa ziwa, bado imezidi lakini ni karibu zaidi kuliko Speke. Na mwaka huohuo wa 1874 akaukuta Mto Lukuga, pale Kalemie ya leo, ndiko maji ya ziwa yanakotokea kwenda Kongo. Hapo hadithi ya Tanganyika kumwaga maji Nile ikakosa miguu. Kwenye ramani likaandikwa jina la Cameron. Mimi huwa najiuliza, vyombo vile vilitoka Chitambo mpaka Unyanyembe vichwani mwa nani? Aliyevuka navyo mabwawa na vita, hana hata mstari chini ya ramani?

Turudi Katonga.

Simu yangu ya kawaida tu ina vyombo vyote vile. Jipiesi ni saa: satelaiti zinabeba saa za atomi, kazi ya saa za Speke imekwisha. Kuna kihisi cha mwinamo, ndiyo sekstanti ya maskini. Na kuna dira. Nikasoma latitudo, digrii 4 na dakika 50 na kitu. Nikailaza simu kwenye mhimili wa stendi ili nipate digrii 5, nikakuta skrubu inagoma kwenye 15! Stendi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, hazikuwahi kufikiria kuna mtu ataishi karibu na ikweta. Dawa yake ni kuinua mguu wa kaskazini wa stendi kwa tofali mpaka mhimili uiname. Stendi ikawa imekaa kama mlevi. Mzee mmoja, bila kuombwa, akaleta jiwe la nyavu akalifunga kwa kamba likaning'inia katikati ya miguu, stendi ikatulia. (Nikamkumbuka Speke na risasi yake.)

Kisha dira. Nikaiweka simu juu ya stendi, nikageuza mpaka ikasoma kusini, nikafunga skrubu kwa mbwembwe. Yule mzee akatazama nilikoelekeza.

"Kusini yako ni hiyo, mwanangu?"

"Ndiyo mzee, simu inasema."

"Huko ni Kalemie."

Nikacheka. Nikafungua ramani kwenye simu ileile. Kalemie kutoka Kigoma si kusini, iko kama digrii 23 upande wa magharibi. Alikuwa sahihi kabisa. Chuma cha stendi na sumaku za injini vilikuwa vimeivuta dira yangu mpaka Lukuga. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha Msalaba wa Kusini, saa ile umeshainama upande wa magharibi, akasema ukiuona umelala hivyo usiufuate wenyewe, rudi kushoto na ushuke chini. Vitabu vinasema hivyohivyo kwa maneno marefu: chukua mstari mrefu wa msalaba, urefushe mara nne na nusu, hapo ndipo ncha.

Kwa hiyo kwa atakayejaribu: dira ya simu isisogezwe kwenye chuma. Nenda hatua tano pembeni, izungushe simu hewani kwa umbo la nane ijirekebishe, hakikisha umechagua kaskazini ya kweli na siyo ya sumaku, halafu chora mstari mchangani. Sisi tulivuta kamba ya mtumbwi. Kisha ukaisogeze stendi juu ya mstari. Mwinamo, simu haina shida. Mwisho tazama nyota moja kwa dakika kumi, ikipanda au kushuka kwenye kioo, rekebisha kidogo kidogo.

Ilikuwa kama saa sita usiku nilipoilenga Zohali. Mwaka ule pete zake zilikuwa zimelala karibu ubavu, zinaonekana kama sindano iliyochoma tunda. Nikahesabu dakika mbili. Ipo. Tano. Ipo. Foleni ikaanza kusogea bila mimi kugusa kitu. Yule mzee alipofikiwa akakaa muda mrefu mpaka vijana wakaanza kunung'unika. Akauliza ile ni nyota inayotangulia alfajiri? Nikamwambia hapana, hiyo ni Zuhura. Akaangalia tena.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Nilibaki Kigoma siku chache zaidi kumalizia habari, nikashuka tena Katonga usiku na darubini yangu. Taa zilikuwa zimerudi, mstari mzima wa kusini unawaka. Hakukuwa na mtu mwaloni wa kuniambia Kalemie iko wapi. Nikaenda hatua tano pembeni, nikachora mstari mchangani.